Kikombe Kimefanya Nini?

Novemba, Shawinigan. Kila gari linadai viatu vya theluji
kabla sheria haijauma.
Tumekaa gereji kwa Huguette, namba arobaini na tatu,
mimi na Maëlle, miaka mitano, meno mawili pungufu,
anampaka farasi rangi kwa penseli moja ya zambarau,
nyingine zote zilimezwa na kiti cha gari.

Ndipo simu ya bwana yule ikalia.

Hapa kwetu matusi hayatoki chumbani,
hayamgusi mama wa mtu.
Babu zetu, waliochoshwa na kengele na zaka,
waliingia altareni wakavibeba vyombo,
wakavitoa nje, kwenye misumeno na matope,
na tangu hapo mtu akijigonga kidole
huita tabernakulo.
Akiumia zaidi huongeza kikombe.
Yakimfika shingoni huvifunga vyote kwa kamba moja,
tabernakulo la kikombe cha hostia ya chetezo cha,
kama treni ya magogo ipitayo usiku
na behewa la mwisho halionekani.

Treni ya bwana yule ilikuwa ndefu.

Watu wakakagua kamba za viatu vyao.
Mzee mmoja akalikunjua gazeti kwa kishindo.
Mama mwenye kichanga kifuani akanikazia macho mimi,
kana kwamba leo ni zamu yangu.
Penseli ikasimama kwenye shingo ya farasi.

"Baba, kikombe kimefanya nini?"

Nikainuka. Hotuba nilikuwa nayo tangu juzi dukani,
ambako sikusema kitu nikajilaumu hadi kitandani:
Bwana, samahani, hapa pana masikio madogo.
Maneno sita. Niliyapiga pasi kama shati la harusi.

Nikamsogelea. Alikuwa ameegemea mashine ya kahawa,
anaandika namba nyuma ya risiti,
na kalamu yake haikuwa na wino.
Hakujua. Aliandika tu, akiikwaruza karatasi.
"Na kiti chake cha dirishani?" aliiuliza simu.
"Mmeshakitoa? Saa hizi?
Mbona usiku hamkuniita?"

Maneno yangu sita yakalala kooni na pasi zake.
Nikabaki katikati ya sakafu, si wa kwenda si wa kurudi,
kama tairi ambalo mwenyewe hajulikani.

Akageuka. Hakuniona mimi.
Alimwona Maëlle, aliyenifuata nyuma ya goti
akiwa na penseli na nusu farasi.
Bwana yule, mabega kama mlango wa ghala,
akaifunika simu kwa kiganja, mithili ya mtu aliyefumaniwa.
Simu ikasema jambo jingine chini ya kiganja chake.
Akafumba macho. Mdomo ukatafuta, ukatafuta,
nikaona tabernakulo limefika hadi menoni,
na kilichotoka kikawa:

"Kabichi."

Kwa sauti ndogo. Kisha tena, "Kabichi,"
na kidevu chake kikatetemeka.

"Yako haiandiki," Maëlle akamwambia. "Hii inaandika."

Akaandika namba zote kwa zambarau.
Huguette akaita arobaini na tatu, mara mbili,
kabla sijakumbuka kwamba ni sisi.

Garini nilijaribu. Nikasema maneno yale
ni kama msumeno wa mjomba Ghislain:
una kazi yake, ila si wako mpaka mikono ikue.
Akafikiri hadi darajani.
"Na kabichi?"
Kabichi unaweza, nikasema. Kabichi ni yako.
Sijui kama hilo ndilo lililopasa kusemwa.
Penseli hatukuikumbuka.

Januari dada yangu akabatiza,
nasi tukaingia kanisa tusilolikanyaga tangu arusi yake,
makoti yakitoa mvuke, mishumaa ya umeme.
Padri akakiinua kikombe kwa mikono miwili
akakitaja, wazi, mbele ya watu wote,
na watu wote wakanyamaza.

Maëlle akanivuta mkono.
Macho yalikuwa yamemjaa.

"Masikini, Baba," akaninong'oneza.
"Nani kampigia simu?"